Makalavati manane na galoni za rangi: uchambuzi wa kisa cha kukadiria gharama ya kupaka vitu vyenye uwazi ndani

Shule moja ya msingi ilipewa makalavati manane ya zege yaliyobaki baada ya ujenzi wa barabara ya jirani, na kamati ya shule ikaamua yawe sehemu ya michezo ya watoto wa darasa la awali. Sita kati yake yangelazwa na kuunganishwa matatu matatu ili kupata mahandaki mawili ya kutambaa, na mawili yangesimamishwa wima, yajazwe udongo na kupandwa maua. Yote yangepigwa rangi. Kabla ya kutoa fedha, kamati iliomba makadirio kwa mafundi rangi wawili na kwa mwalimu wa hisabati wa shule hiyo hiyo, na zikarudi namba tatu zisizokaribiana: fundi wa kwanza alihesabu mita za mraba 27.65, fundi wa pili 42.85, na mwalimu 55.29. Namba kubwa ni mara mbili kamili ya ile ndogo.

Hakuna kati yao aliyekosea kuzidisha. Kila mmoja alifuata kanuni yake hadi mwisho na kupata jibu sahihi la kanuni hiyo, ila hakuna kanuni kati ya hizo tatu iliyoeleza kile ambacho kingekuwepo uwanjani siku ya kupaka. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kitu chenyewe ni sahili, silinda yenye tundu, ambayo mwanafunzi wa sekondari huikokotoa kwa mistari minne, lakini makadirio yake yanaweza kupotoka kwa theluthi hivi au zaidi kwenda upande wowote. Bei zinazotumika hapa chini ni za mfano, kwa kuwa rangi hubadilika bei kutoka duka hadi duka. Vipimo na hesabu zake ndivyo vya kuangaliwa.

Vipimo vya kalavati lenyewe

Makalavati hayo ni yale ambayo mafundi wa barabara huyaita "ya 90". Namba hiyo ni kipenyo cha ndani kwa sentimita, kwa sababu anayenunua kalavati hununua njia ya maji, na upana wa njia ya maji ndio unaomhusu. Mtu aliyezoea mabomba ya plastiki ya maji, ambayo hutajwa kwa kipenyo cha nje, anaweza kuichukua 90 kuwa kipimo cha nje na kupunguza unene wa ukuta kwenda ndani, na hapo nyuso zote mbili zitatoka pungufu kabla hajaanza kukokotoa. Kwa kuwa ukuta wa makalavati haya una unene wa sentimita 10, kipenyo cha nje ni 90 kujumlisha 10 upande huu na 10 upande wa pili, yaani sentimita 110. Kusahau kuongeza unene mara mbili ni kosa dogo kulitamka na kubwa kulilipia.

Njia salama zaidi ni kutotegemea jina kabisa. Tepu inayozungushwa kalavati kwa nje husoma mzingo moja kwa moja, bila kuhitaji pai: hapa ilipaswa kusoma sentimita 345 na nusu hivi. Unene hupimwa mdomoni, katika sehemu nne za duara, kwa sababu fomu (kalibu) ya ndani ikisogea kidogo wakati wa kumwaga zege, ukuta huwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Wastani wa vipimo hivyo ndio unaoingia kwenye hesabu. Urefu wa kila kalavati ni mita moja, na midomo yake imekatwa bapa, haina kola ya kupachikana.

Tuite nusukipenyo cha nje R, cha ndani r, urefu u na unene n. Kwa mita, R ni 0.55, r ni 0.45, u ni 1.0 na n ni 0.1. Uso uliojipinda wa nje ni 2πRu, sawa na mita za mraba 3.456. Uso uliojipinda wa ndani ni 2πru, sawa na 2.827. Zinabaki pete mbili za midomoni, ambazo kila moja ni tofauti ya maduara mawili, π(R² − r²), sawa na 0.314. Wengi huteleza kwenye pete kwa kuandika π(R − r)², yaani wanauchukua unene wa ukuta na kuufanya nusukipenyo cha duara dogo ambalo halipo popote. Kwa kalavati hili jibu la kuteleza huwa 0.0314, pungufu mara 10 ya lile la kweli.

Ukijumlisha nyuso hizo nne unapata 6.91. Jumla hiyo ina umbo fupi zaidi linalofaa kwa kujisahihisha: 2π(R + r)(u + n). Sababu yake ni nzuri kuijua. Ukuta wa kalavati ukikatwa kwa urefu, sura ya mkato ni mstatili wa sentimita 10 kwa 100, ambao mzunguko wake ni mita 2.2. Mstatili huo ukizungushwa kuzunguka mhimili wa kalavati, kitovu chake husafiri duara lenye urefu wa π(R + r), yaani mita 3.14. Zidisha 2.2 kwa 3.14 na 6.91 inarudi. Ni kanuni ambayo Pappus wa Alexandria aliiandika katika karne ya 4, na hufaa kwa kitu chochote cha duara chenye ukuta wa unene mmoja, iwe pete ya kisima, chungu kisicho na kitako au shina la zege la nguzo yenye uwazi.

Kuhusu pai, anayetumia 22 kwa 7 badala ya 3.1416 asijisumbue. Tofauti yake ni sehemu 4 katika 10,000, na kwa kazi yote ya makalavati manane haizidi eneo la daftari moja lililofunuliwa. Rangi inayobaki kwenye rola ni nyingi kuliko hiyo.

Hesabu tatu na kilichozizaa

Fundi wa kwanza alizidisha uso wa nje tu kwa 8 na kupata 27.65. Kwa mtu anayepaka kuta, milango na mageti, ni jambo la kawaida kuhesabu upande anaouona akiwa amesimama. Ila handaki la watoto lina ndani, na ndani ndiko kunakohitaji rangi nyeupe zaidi kuliko kwingine kokote, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hapendi kuingia penye giza.

Fundi wa pili alikuwa na kumbukumbu ya darasani. Alitumia kanuni ya mcheduara mzima, yaani silinda isiyo na tundu, 2πR(R + u), akapata 5.356 kwa kalavati moja na 42.85 kwa yote. Kanuni hiyo inafunga midomo yote miwili kwa maduara kamili, kana kwamba kalavati ni gogo. Kwa hiyo alikadiria rangi ya kupaka hewa ya midomoni na kuacha ukuta wa ndani bila hata tone. Hapo ndipo kisa kinapovutia, kwa sababu, kama itakavyoonekana, namba yake ndiyo iliyokaribia zaidi eneo la kweli, na laiti kamati ingechagua kwa kulinganisha namba peke yake ingemsifu. Kosa lake lilikuwa la aina mbili zilizofutana: alizidisha mahali pasipo na kitu na kupunguza mahali penye kitu. Makosa yanayofutana ni hatari kuliko yanayoonekana, maana jumla ikishakubalika hakuna anayerudi kuuliza ilitengenezwa na nini.

Mwalimu alitumia kanuni sahihi ya silinda yenye uwazi, nyuso zote nne, akapata 6.91 mara 8, yaani 55.29. Katika karatasi ya mtihani angepewa alama zote. Lakini kanuni ile inapima kalavati linaloelea hewani, lisilogusa ardhi wala kalavati mwenzake, lisilojazwa mchanga wala udongo.

Mwalimu alijihakiki kwa njia iliyomtia moyo pasipostahili. Alichukua uso wa nje akauzidisha kwa 2, kwa hoja kwamba ndani na pete vikijumlishwa havipishani sana na nje, na akapata 6.91 ile ile, hadi tarakimu ya mwisho. Usahihi huo ni wa bahati. Ukilinganisha 4πRu na 2π(R + r)(u + n) utaona kwamba vinalingana pale tu kipenyo cha nje kinapokuwa sawa na urefu kujumlisha unene, na kalavati hili, kwa bahati, lina 1.1 upande mmoja na 1.0 kujumlisha 0.1 upande wa pili. Kalavati la 90 lenye urefu wa mita mbili lingetoa 13.19 kwa kanuni na 13.82 kwa kuzidisha nje mara mbili. Kuzidisha nje mara mbili ni halali kwa tangi la bati la milimita tatu, ambalo ndani na nje yake havitofautiani kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa ukuta wa sentimita 10, ndani ni pungufu ya nje kwa asilimia 18.

Kilichopo uwanjani

Swali la mkadiriaji ni kwa kila uso: je, utaonekana, utafikiwa na brashi, na utapakwa rangi gani? Majibu hayatoki kwenye kanuni bali kwenye mpango wa kuyaweka makalavati, na mpango wa shule ulikuwa huu. Mahandaki yangezamishwa ardhini sentimita 15 ili yasibiringike, na ndani yangemwagwa mchanga hadi usawa wa ardhi ya nje, ili watoto watambae juu ya kitu laini. Makalavati ya maua yangezikwa sentimita 20 na kujazwa udongo hadi sentimita 15 chini ya mdomo.

Tuanze na viungo. Makalavati matatu yakigusana na kuzibwa kwa saruji, pete nne kati ya sita hupotea ndani ya viungo. Kila handaki linabaki na midomo miwili tu, na kwa mahandaki mawili zinatoweka pete nane, mita za mraba 2.51 kwa jumla. Saruji ya viungo nayo huongeza sentimita moja mbili za urefu, jambo ambalo halistahili mstari wake kwenye hesabu.

Ardhi inafunika zaidi ya macho yanavyokisia. Sentimita 15 katika kipenyo cha 110 ni chini ya asilimia 14, na mtu angedhani eneo linalofichika ni kiasi hicho hicho. Sivyo. Kitako cha duara ni bapa kiasi kwamba kuzama kidogo kunameza upinde mrefu. Kutoka kitovu hadi usawa wa ardhi ni sentimita 55 kutoa 15, yaani 40. Pembe ya nusu ya upinde uliofichika ni ile ambayo kosaini yake ni 40 gawanya kwa 55, nayo ni digrii 43.3, upinde mzima unatazama digrii 86.7, karibu robo ya duara. Kwa nje, sentimita 83 kati ya 346 zimo ardhini, na zinazobaki kupakwa ni 262. Kwa ndani usawa wa mchanga uko umbali ule ule wa sentimita 40 kutoka kitovu, ila nusukipenyo ni 45, hivyo upinde uliofunikwa ni sentimita 43 tu na zinabaki 240.

Kwa asiye na kikokotoo chenye kosaini, tepu inatosha: shika mwanzo wake ardhini upande mmoja, ipitishe juu ya mgongo wa handaki, isome inapogusa ardhi upande wa pili. Binafsi naiamini tepu hiyo kuliko kosaini, kwa kuwa ardhi ya uwanja wa shule haiko bapa na kina cha sentimita 15 kwenye mchoro huweza kuwa 12 upande huu na 18 upande ule. Hesabu ya pembe ina kazi kabla makalavati hayajawekwa. Yakishawekwa, tepu ndiyo inayotawala.

Kwa hiyo kila handaki la mita tatu lina nje mita za mraba 7.87, ndani 7.20, na midomo miwili ambayo, baada ya kuondoa sehemu iliyozama, ni 0.25 kila mmoja. Mahandaki mawili yanafika 31.14. Kila kalavati la maua lina ukuta wa nje wa sentimita 80 zilizo juu ya ardhi, sawa na 2.76, pete moja ya juu 0.31, na ukanda wa ndani wa sentimita 15 wenye 0.42, mawili ni 7.01. Jumla ya kazi yote ni mita za mraba 38.14, ambayo ni pungufu ya hesabu ya mwalimu kwa 17 na zaidi, na juu ya hesabu ya fundi wa kwanza kwa 10 na nusu. Fundi wa pili alizidi kwa asilimia 12 tu.

Jumla hiyo, hata hivyo, bado si kitu cha kupeleka dukani, kwa sababu haina rangi moja. Kamati ilitaka nje bluu, ndani ya mahandaki nyeupe na midomo njano ili watoto waione na wasijigonge. Ukanda wa ndani wa makalavati ya maua unaendelezwa na rangi ya nje. Bluu basi ni 22.12, nyeupe ni 14.39, na njano ni 1.63. Hapa ndipo hesabu ya gogo inapoanguka kabisa: aliyeitumia angenunua bluu ya mita za mraba 42.85, nyeupe hapana, njano hapana.

Kutoka mita za mraba hadi galoni

Zege la makalavati lina mambo mawili yanayomsumbua fundi rangi. La kwanza ni mafuta. Watengenezaji hupaka fomu za chuma mafuta ili zege lisigande nazo, mara nyingi mafuta machafu ya injini, na mabaki yake hubaki kwenye ngozi ya zege, hasa ndani, ambako mvua haikupiga. Ukiirushia maji sehemu yenye mafuta, matone hujikusanya na kuteremka. Sehemu safi huyanywa na kuwa nyeusi. Penye matone panasuguliwa kwa sabuni na brashi ngumu hadi maji yanywewe, vinginevyo rangi itabanduka kama ganda, na hakuna praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, itakayoiokoa. La pili ni alkali ya saruji, ambayo huivunja rangi ya mafuta na kuigeuza kitu kinachofanana na sabuni, ndiyo maana zege jipya huachwa wiki nne hivi kabla ya kupakwa. Makalavati haya yalikuwa ya siku nyingi, lakini bado lililo sahihi ni praima inayostahimili alkali kisha rangi ya maji ya nje. Kwa kuwa watoto wataigusa na wengine watailamba, kopo liwe limeandikwa kuwa halina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Makopo mengi huahidi mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita kwa mkono mmoja. Ahadi hiyo ni ya ukuta laini uliopigwa skimu. Zege lenye vishimo vya hewa hunywa zaidi, na uso wake halisi, ukifuata kila kishimo, ni mkubwa kuliko ule unaopimwa na tepu. Nimechukua mita za mraba 7 kwa lita kwa praima na 8 kwa rangi ya juu, mikono miwili, na nyongeza ya asilimia 10 kwa kinachobaki kwenye rola, trei na viungo. Asiyependa kukisia apake kalavati moja la maua kwanza, apime lita zilizotumika kwa mkono mmoja, agawanye 3.5, eneo la kalavati hilo, kwa lita hizo, atapata kiwango cha zege lake mwenyewe, ambacho hakuna kopo linalokijua.

Praima ya mita za mraba 38.14 inahitaji lita 5.99. Bluu inahitaji 6.08, nyeupe 3.96, njano 0.45. Rangi huuzwa kwa galoni ya lita 4, kopo la lita moja na ndoo ya lita 20, na hapo hesabu safi hukutana na rafu ya duka. Nyeupe inaingia kwenye galoni moja kwa kubana. Bluu imevuka lita 6 kwa mililita 80, na mhasibu mwenye mkono mzito angeagiza galoni moja na makopo mawili ya lita; nisingemshauri, kwa sababu bluu ya kuchanganywa dukani ikipungua, kopo la nyongeza lililochanganywa siku nyingine huonekana tofauti juani, na kiraka hicho kitakuwa mgongoni mwa handaki mahali ambapo kila mgeni wa shule anatazama. Galoni mbili, na lita moja na kitu itunzwe kwa viraka. Praima nayo galoni mbili. Kwa bei ya mfano ya sh. 48,000 kwa galoni ya rangi ya nje, sh. 14,000 kwa kopo la lita moja la rangi hiyo, na sh. 36,000 kwa galoni ya praima, rangi yote inagharimu sh. 230,000.

Ujira, na suala la mita za midomoni

Kulipa ujira kwa bei moja ya mita ya mraba kungewaonea wote wawili, shule na fundi. Anayepaka mgongo wa handaki anasimama na rola ya mpini mrefu. Anayepaka ndani anapiga magoti juu ya mchanga, kichwa kimeinama, katika uwazi wa sentimita 85 kutoka mchanga hadi dari, na matone yanamwangukia usoni. Kwa sababu nyuso zilikwisha kutenganishwa, ilikuwa rahisi kuweka sh. 3,500 kwa mita ya mraba ya nje na sh. 5,000 kwa ya ndani.

Midomo ilileta ubishi, na fundi alikuwa na haki. Mita za mraba 1.63 kwa bei ya nje ni sh. 5,705, malipo ya siku ya kuchekesha kwa kazi ya brashi ndogo yenye kingo mbili za kufuata bila kupotoka, bluu upande huu na nyeupe upande ule. Kanuni za upimaji wa kazi za ujenzi tulizorithi kutoka Uingereza zina jibu la zamani kwa hili: uso mwembamba unaosimama peke yake, usiozidi upana wa sentimita 30, hupimwa kwa mita za urefu na si kwa eneo. Pete ya sentimita 10 inaingia humo bila ubishi. Urefu wake ni ule wa katikati ya pete, π(R + r), mita 3.14 kwa pete nzima na mita 2.50 kwa mdomo wa handaki uliozama. Midomo minne na pete mbili za maua hufanya mita 16.3. Kwa sh. 1,000 kwa mita, fundi anapata sh. 16,300.

Ujira wote unakuwa sh. 77,420 kwa nje, sh. 71,950 kwa ndani na hizo 16,300 za midomo, jumla sh. 165,670. Ukijumlisha rangi, kazi ni sh. 395,670.

Kwa bei hizo hizo, hesabu ya mwalimu ingeitisha sh. 588,175, zaidi ya inayohitajika kwa asilimia 49, na pesa hizo zingetoka kwenye bajeti ya kitu kingine, kwa mfano bembea. Hesabu ya fundi wa kwanza ingeitisha sh. 264,775, pungufu kwa asilimia 33, na kazi ingesimama bluu ikiwa imekamilika na ndani kukiwa bado zege tupu, yaani katika hatua ile ambayo kamati hulazimika kuitisha michango ya pili. Kati ya makosa hayo mawili, la kupunguza ndilo ghali zaidi katika maisha ya shule, ingawa kwenye karatasi linaonekana dogo, kwa sababu fedha iliyobaki hurudishwa ila fundi aliyeondoka huenda akarudi kwa bei nyingine.

Mapendekezo niliyoyaona yanafaa ni kwamba makubaliano yaandikwe kwa bei ya kila aina ya uso, si kwa bei ya kazi nzima, na vipimo vya mwisho vichukuliwe mbele ya pande zote mbili baada ya makalavati kuwekwa na mchanga kumwagwa, kabla ya brashi ya kwanza. Jedwali lile lile litatumika tena rangi itakapofifia. Jua na mvua huila bluu kwanza, na nyeupe ya ndani hudumu. Kupaka upya mkono mmoja wa bluu juu ya mita za mraba 22.12, ambazo kwa sasa tayari zina rangi na hazinywi kama zege tupu, kwa kiwango cha mita za mraba 10 kwa lita pamoja na asilimia 10 ya kupotea, kunahitaji lita 2.43, yaani galoni moja bila praima, na ujira wa mkono mmoja ukubaliwe upya kwa kuwa ule wa awali ulijumuisha usafishaji, praima na mikono miwili.